Faili Lilipokaribia Gigabaiti Mbili: Nilivyojifunza Kuihamishia Hifadhidata Kwenye Seva

Asubuhi moja nilifungua folda ya pamoja ambamo hifadhidata yetu ya matengenezo ya mashine ilihifadhiwa, nikakuta faili lake limefikia gigabaiti 1.7. Ukubwa huo haungemshtua mtu anayehifadhi picha au video, lakini faili la Access, programu ya Microsoft ya hifadhidata tuliyokuwa tukiitumia, lina kikomo cha gigabaiti 2, na kikomo hicho hakisogezwi kwa kununua diski kubwa wala kompyuta yenye nguvu zaidi, kwa kuwa kimo katika muundo wa faili lenyewe. Nilisubiri watu wote watoke, nikalibana faili kwa ile amri ya kubana na kukarabati, likashuka hadi gigabaiti 1.4. Wiki tano baadaye lilikuwa limerudi palepale, nami nikakubali kwamba hakuna namna ila kuhamia kwenye seva, yaani programu moja inayokaa mahali pamoja kupokea maombi ya watumiaji wote na kuyajibu.

Tangu wakati huo nimeulizwa mara nyingi jinsi ya kuhama, na karibu kila anayeuliza huwa na picha moja kichwani: kwamba majedwali yatanakiliwa kutoka kwenye faili hadi kwenye seva, fomu zitaelekezwa huko, na kazi itakuwa imekwisha. Kunakili majedwali kulinichukua siku moja na nusu. Kujifunza kuuliza maswali kwa namna ambayo seva inaweza kuyajibu kulinichukua zaidi ya miezi minne, na huko ndiko kuhama kwenyewe kulikokuwa.

Kwanza inafaa kueleza kilichokuwa kikitokea kila siku bila sisi kukiona. Hifadhidata ya mezani kama Access haina mhudumu anayekaa mahali pamoja kupokea maombi. Kila kompyuta inayoifungua huendesha injini yake yenyewe, na folda ya mtandao kazi yake ni kutunza faili tu, kama kabati linavyotunza daftari. Mtu anapotafuta matengenezo ya mashine moja, kompyuta yake ndiyo inayoyavuta kurasa za faili kupitia mtandao, kila ukurasa ukiwa na kilobaiti 4, kisha inachambua yenyewe kipi kinatakiwa na kipi hakitakiwi. Ikiwa safuwima inayotafutiwa ina faharasa nzuri, yaani orodha iliyopangwa inayoonyesha kila rekodi ilipo, kurasa zinazosafiri huwa chache. Ikiwa haina, jedwali zima hupita kwenye waya ili rekodi 12 zipatikane. Wakati huohuo injini zote huandikiana taarifa katika lile faili dogo la kufuli linalojitokeza kando ya hifadhidata, ili zisikanyagane. Kwa watu watatu utaratibu huu hufanya kazi vizuri sana, na sisi tulianza tukiwa watatu. Access yenyewe inaruhusu hadi watumiaji 255 kwa pamoja, ila idadi hiyo ni mpaka wa juu kabisa ambao hifadhidata inayoandikwa mchana kutwa hudhoofika muda mrefu kabla ya kuufikia. Sisi tulikuwa 17 nilipoanza kupata shida.

Shida yenyewe ilikuja siku ambayo mawasiliano ya mtandao yalikatika kwa sekunde chache wakati kompyuta mojawapo ilikuwa katikati ya kuandika. Kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiandika moja kwa moja ndani ya faili, hapakuwa na mtu mwingine wa kumalizia au kufuta kilichoachwa nusu. Kila aliyejaribu kufungua hifadhidata baada ya hapo aliambiwa kwamba muundo wake hautambuliki. Nilirudisha nakala ya usiku uliotangulia, na watu 17 wakaandika upya kazi ya tangu asubuhi, wengine kwa kukumbuka tu. Nilisikitika sana siku ile, kwa sababu walikuwa wameniamini na kazi yao. Seva isingeachwa katika hali ile: kabla ya kubadilisha chochote huandika katika daftari la miamala kile inachokusudia kufanya, na muamala usiokamilika hurudishwa nyuma wote, hata umeme ukikatika.

Hatua ya kwanza haikuhitaji seva kabisa, nami namshauri kila mtu aanze nayo hata kama hajaamua kuhama. Nililigawa faili sehemu mbili: majedwali yakabaki katika faili moja kwenye folda ya pamoja, na fomu, ripoti, maulizo (maagizo ya kutafuta data yaliyohifadhiwa) na msimbo vikawekwa katika faili la pili ambalo kila mtu alipewa nakala yake kwenye kompyuta yake. Mgawanyo huo ulinionyesha mapema sehemu zote za msimbo zilizokuwa zimeandikwa kwa kudhani kwamba jedwali limo ndani ya faili hilohilo. Amri ya kutafuta kwa njia ya Seek, kwa mfano, haifanyi kazi kwenye jedwali lililounganishwa kutoka nje. Nilirekebisha sehemu hizo nikiwa bado katika mazingira niliyoyazoea, na hilo lilinipunguzia mambo mengi ya kuhangaika nayo baadaye.

Katika kuchagua seva sikukaa muda mrefu. PostgreSQL na MySQL zote huunganishwa na fomu za Access kupitia draiva za ODBC, yaani viunganishi vya kawaida kati ya programu na hifadhidata, na zingetufaa, lakini nilichagua SQL Server ya Microsoft katika toleo lake la bure la Express kwa sababu kuna zana rasmi ya kuhamisha kutoka Access, na kwa sababu mipaka ya toleo hilo ilikuwa mbali nasi: kila hifadhidata iliruhusiwa gigabaiti 10, na memori ya kuhifadhi data inayosomwa mara kwa mara ilikuwa takriban gigabaiti 1.4. Anayechagua toleo hilo ajue tu kwamba halina huduma ya kuendesha kazi kwa ratiba, hivyo nakala rudufu za usiku itabidi zianzishwe na kipanga-kazi cha mfumo wa uendeshaji.

Nilipoendesha zana ile mara ya kwanza, jedwali kubwa kuliko yote, lenye rekodi 210,000 na ushei, lilikataliwa. Nilidhani kosa ni la mtandao. Nilipochimba nikakuta rekodi sita ambazo tarehe zake seva ilizikataa, na ya kwanza ilisomeka tarehe 5 mwezi wa 3 mwaka 0214. Mtu alikusudia 2014, vidole vikatangulizana. Access ilikuwa imeipokea bila neno, kwa sababu tarehe zake huanzia mwaka 100. Aina ya tarehe niliyokuwa nimeichagua upande wa seva, iitwayo datetime, huanzia tarehe 1 Januari 1753. Mwaka huo si wa kubahatisha: Uingereza na makoloni yake walihamia kalenda ya Gregori mwaka 1752, ambapo Jumatano ya tarehe 2 Septemba ilifuatwa na Alhamisi ya tarehe 14, na waliobuni aina hiyo waliamua kutobeba mzigo wa hesabu za kabla ya hapo. Ipo aina mpya zaidi, datetime2, inayoanzia mwaka wa 1, ambayo ingezipokea rekodi zote sita bila kulalamika. Nilifurahi kwamba sikuanza nayo. Kwa muda wote huo mashine sita zilikuwa zikionekana katika ripoti kuwa zimekaa miaka 1,800 bila kuhudumiwa, na kwa kuwa ripoti ilipangwa kuanzia tarehe ya karibuni, zilikaa ukurasa wa mwisho ambao hakuna aliyeufikia.

Baada ya hapo nilibadili utaratibu. Badala ya kuhamisha kisha kusubiri seva ikatae, niliandika maulizo ya ukaguzi ndani ya Access yenyewe: tarehe zote zilizo nje ya miaka inayoeleweka, rekodi za matengenezo zinazotaja mashine ambayo haimo katika orodha ya mashine, maneno matupu yaliyohifadhiwa mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Tofauti kati ya neno tupu na kutokuwa na kitu, yaani NULL, ni jambo ambalo fomu haionyeshi kwa macho, kwani vyote viwili huonekana kama kisanduku kitupu, lakini ulizo linalotafuta kimoja halitapata kingine.

Namba za utambulisho wa mashine zilinifundisha jambo jingine kuhusu huo utupu. Safuwima hiyo ilikuwa na faharasa isiyoruhusu marudio, na bado mashine nyingi za zamani hazikuwa na namba. Access inakubali, kwa kuwa katika faharasa ya namna hiyo huruhusu NULL nyingi. SQL Server huihesabu NULL kama thamani mojawapo na kuikubali mara moja tu, hivyo mashine ya pili isiyo na namba ilikataliwa. Dawa yake ni kuunda faharasa yenye sharti, inayolinda upekee wa zile rekodi zenye namba pekee na kuziacha nyingine.

Majedwali yote yalipokuwa yamefika salama, nilifanya kosa la kuwaruhusu watu watano waanze kuyatumia siku iliyofuata. Kabla ya saa nne, mwenzetu wa kitengo cha vipuri alinijia mezani.

"Kaka, hii rekodi inaniambia mtu mwingine ameibadilisha. Nimeifunga na kuifungua mara tatu, na kila nikihifadhi inasema hivyohivyo."

"Pole, dada. Kuna mwingine aliyeifungua?"

"Hakuna. Nimewauliza wote."

Alikuwa sahihi, na ilinichukua siku nzima kuelewa. Access inapohifadhi mabadiliko kwenye jedwali la seva, hutuma amri inayosema, kwa maneno mengine, badilisha rekodi hii iwapo safuwima zake zote bado zina thamani zilezile nilizozisoma. Rekodi aliyokuwa akiihariri ilikuwa na safuwima ya ndiyo au hapana ambayo upande wa seva ilikuwa NULL. Access haijui hali ya tatu katika safuwima za aina hiyo, kwa hiyo iliisoma kama hapana, ikarudi kwa seva kuulizia rekodi yenye hapana, na seva ikajibu kwa ukweli kwamba rekodi hiyo haipo. Kutokana na jibu hilo Access ilihitimisha kuwa kuna mtu ameibadilisha. Nilijaza hapana mahali pote palipokuwa na NULL, nikazuia NULL katika safuwima hizo na kuweka thamani ya kuanzia kuwa 0. Kisha nikaongeza katika kila jedwali safuwima ya aina ya rowversion, ambayo seva hubadilisha thamani yake kila rekodi inapoguswa. Safuwima hiyo ikiwepo, Access hulinganisha ufunguo msingi (safuwima inayoitambulisha kila rekodi peke yake) na toleo la rekodi tu badala ya safuwima zote, na malalamiko yale hayakurudi tena. Kama ningeruhusiwa kumpa anayehama leo jambo moja la kufanya kabla ya mengine, ningempa hili.

Ufunguo msingi nao hauna mbadala. Jedwali la seva lisilo na faharasa ya upekee ambayo Access inaweza kuitambua huunganishwa kama jedwali la kusoma tu, na mtumiaji huona fomu ambayo haipokei herufi hata moja bila ujumbe wowote wa kueleza kwa nini. Namba za kujiongeza pia hubadilika tabia: katika faili la Access namba hutolewa mara tu mtu anapoanza kuandika rekodi mpya, ilhali seva huitoa rekodi inapohifadhiwa. Msimbo wetu uliokuwa ukisoma namba kabla ya kuhifadhi ulianza kupata utupu, na ilibidi niupange upya sehemu tisa.

Kisha ukaja mwezi mgumu zaidi, kwa sababu mfumo ulikuwa mzito kuliko ule wa zamani. Wengi hukata tamaa hapa na kusema seva haina maana, nami naelewa kwa nini. Fomu kuu ilizoeleka kufunguka ikiwa imebeba jedwali zima, mtumiaji akatembea ndani yake akitafuta anachotaka. Tabia hiyo ilivumilika katika faili. Kwenye seva ilimaanisha kuagiza rekodi 210,000 kila asubuhi kutoka kwa kila kompyuta, kisha kutumia moja. Nilibadilisha fomu ifunguke ikiwa tupu, na kisanduku cha kuandikia namba ya mashine au kipindi cha tarehe. Mtu akishaandika, ndipo ombi linapokwenda na kurudi na rekodi chache. Watu walinung'unika kwa siku mbili tatu, kisha wakazoea, kwa kuwa jibu lilikuwa linarudi kabla hawajaondoa mkono kwenye kibodi.

Lakini palibaki ulizo moja lililochukua karibu dakika mbili hata baada ya kulipunguzia kila kitu, nalo nataka kulieleza kwa makini, kwani ndani yake mna somo lote. Miaka iliyopita niliandika katika msimbo wa Access kazi ndogo niliyoiita SafishaNamba, ambayo huondoa nafasi na vistari katika namba ya mashine ili "A-104 7" na "A1047" zihesabiwe kuwa kitu kimoja. Ulizo lilikuwa likitafuta kwa sharti kwamba SafishaNamba ya safuwima hiyo iwe sawa na kilichoandikwa. Seva haiifahamu SafishaNamba. Imo ndani ya faili la fomu, kwenye kompyuta ya mtumiaji. Kwa hiyo Access haikuweza kulituma sharti lile kwa seva. Iliomba jedwali lote, ikaipitisha kila rekodi katika kazi ile kwenye kompyuta ya mtumiaji, kisha ikabakiza mbili. Seva yenye uwezo wote ule ilikuwa imegeuzwa tena kabati la kutunzia daftari.

Niliongeza katika jedwali safuwima inayokokotolewa na seva yenyewe, yenye namba iliyokwisha kuondolewa nafasi na vistari, nikaiwekea faharasa, na nikahakikisha kwamba kilichoandikwa na mtumiaji kinasafishwa mara moja kabla ya kutumwa. Muda ukashuka kutoka dakika mbili hadi chini ya sekunde moja. Tangu siku hiyo kila ninapoandika ulizo najiuliza nani atakayefanya kazi ya kuchagua, seva au kompyuta ya mtumiaji, na nikiona dalili kwamba itakuwa ya pili, natafuta njia nyingine. Kwa maulizo ya kawaida mwono, yaani ulizo lililohifadhiwa ndani ya seva yenyewe, ulioundwa huko na kuunganishwa kama jedwali hutosha. Kwa ripoti nzito natumia ulizo la kupitisha, ambalo Access hailitafsiri kabisa bali hulifikisha kwa seva kama lilivyoandikwa.

Ulizo la kupitisha hudai lugha ya seva yenyewe. Nyota ya kutafuta neno lolote huwa alama ya asilimia, tarehe haziwekwi tena kati ya alama za reli (#), na ndiyo, ambayo katika Access ni -1, katika seva ni 1. Ripoti yetu ya kazi zilizokamilika ilitoka tupu kabisa kwa sababu ya hiyo -1 iliyosahaulika katika mstari mmoja. Draiva nayo ichaguliwe kwa uangalifu: ile ya zamani inayokuja na mfumo wa uendeshaji huziona tarehe za datetime2 kama maandishi, na upangaji wa tarehe huharibika. Niliweka draiva mpya kwenye kila kompyuta kabla ya kuunganisha jedwali lolote.

Nakala rudufu zilinidai nisahau nilichokijua. Nilizoea kunakili faili moja usiku na kulala kwa amani. Mafaili ya seva hayanakiliwi hivyo yakiwa yanatumika. Seva huagizwa itoe nakala yenyewe. Niliiweka hifadhidata katika hali ya urejeshaji kamili kwa kuwa nilisoma ndiyo inayolinda zaidi, na sikupanga nakala za daftari la miamala, nisijue kwamba katika hali hiyo daftari haliachii nafasi mpaka linakiliwe. Lilikua hadi likaishinda data yenyewe kwa ukubwa. Sasa hunakiliwa kila nusu saa, na kila mwezi narejesha nakala moja kwenye kompyuta nyingine na kuifungua, nikahesabu rekodi na kusoma chache kwa macho.

Hatimaye tulihama rasmi siku ya Jumamosi, watu wakiwa hawapo. Nililifungia faili la zamani lisomwe tu, nikaendesha uhamisho wa mwisho, nikalinganisha idadi ya rekodi na jumla ya gharama za matengenezo, jedwali kwa jedwali, pande zote mbili. Jedwali moja lilipungua rekodi tatu. Nilikaa nalo hadi jioni, nikagundua kwamba rekodi hizo tatu zilikuwa zinataja mashine moja iliyofutwa miaka mingi kabla ya mimi kuanza kazi, na seva ilikuwa imezikataa kwa uhusiano niliouweka mwenyewe. Nilimpigia simu mzee aliyekuwa akisimamia karakana wakati huo. Aliikumbuka ile mashine kwa jina ambalo mafundi walikuwa wameipa, akanitajia mahali ilipokuwa imefungwa. Niliirudisha katika orodha ya mashine, nikaiwekea alama kwamba haitumiki tena, na rekodi zake tatu zikaingia.